Moshi wa Jikoni kwa Waisiko

Kabla dhahabu haijatupagawisha, jioni za kijiji chetu cha Issenye zilikuwa tulivu. Waitara alikamua ng'ombe huku akiimba nyimbo za kwaya, mkewe Waisiko akisonga ugali, na binti yao mdogo, Agustina, akisubiri maziwa. Waitara alikuwa mtu mpole kweli kweli, hata ng'ombe mkorofi alitulia mikononi mwake.

Kisha dhahabu ikaonekana vilimani. Waitara akaingia mashimoni na kaka yake, Ryoba. Dhahabu yao waliikamata kwa zebaki, kile kimiminika kizito kinachong'aa, na ili dhahabu ibaki peke yake, zebaki huchomwa motoni mpaka iishe kwa moshi. Wengine huchomea mbali na makazi. Hawa waliogopa macho ya majirani, wakachomea jikoni kwa Waisiko, mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa gunia, kwenye kikaango kile kile cha dagaa.

Waitara akabadilika. Mikono ilianza kutetemeka, akasahau majina ya ng'ombe wake, akawaonea haya watu kanisani. Nyumbani alifoka kwa sababu ya chumvi tu. Siku alipompiga Waisiko kwa mwiko, Waisiko alilia sana, maana hakumtambua tena mumewe katika mtu yule aliyempiga.

Ukoo wa Waitara haukuhangaika kuuliza. Walisema mke amemlisha kitu, wakaita ritongo, baraza la wazee. Waisiko alijua watakachoamua: yeye arudishwe kwao, na Agustina abaki, kwa kuwa ng'ombe wa mahari walishatolewa. Mwanawe angebaki akilala jikoni mle mle, kama kila usiku.

Akakimbilia zahanati kwa muuguzi Salome, mgeni aliyehamishiwa huko kutoka Songea, akamweleza jinsi mumewe alivyobadilika tangu aanze kuchoma dhahabu.

"Zebaki mnachomea wapi?" Salome aliuliza.

"Jikoni, dada. Na mtoto analala humo humo."

Salome akamvuta karibu. "Moshi ule hauna harufu. Mtu anauvuta, unaingia kwenye damu, unakwenda kukaa kwenye ubongo. Ubongo ndio unaozuia hasira, ndio unaoiambia mikono itulie. Ukiharibiwa, mtu mpole anageuka. Mtoe mtoto humo upesi, na mumeo aje hapa."

Siku ya ritongo Ryoba alisimama wa kwanza. "Ndugu yangu alikuwa mtu wa watu. Huyu mwanamke amemharibu akili."

"Shikamooni, wazee wangu," Waisiko alisema. "Naomba kila anayekaa jikoni kwangu wakati wa kuchoma zebaki anyooshe mikono."

Waitara akanyoosha yake, ikatetemeka. Ryoba alificha yake mifukoni mpaka wazee walipomwamuru, nayo ikatetemeka. Hapo Waisiko akampa Agustina kikombe cha maji. Mtoto alijitahidi, lakini maji yote yakamwagikia gauni lake.

"Na mwanangu huyu, nimemroga mimi?"

Ryoba akakohoa. Mnajua alisema nini, ndugu zangu, mtoto amelowa mbele yake? "Sasa ile zebaki iliyobaki tukachomee wapi?"

Waitara aliinama amfute bintiye, vidole vikakataa kushika kitambaa. "Mchukue, mama Agustina," alisema. "Nenda naye kwenu leo." Hakuna mzee aliyepinga.

Waitara aliacha dhahabu, akatibiwa, na hasira imepungua. Agustina anasoma sasa, ila la jana halikumbuki leo, na kalamu bado inamshinda. Ryoba anaendelea kuchoma, nyumbani kwake, mlango umefungwa, watoto wamo ndani. Na sisi tunapita nje tukimsalimia.

MAFUNZO

Tabia ya mtu inakaa kwenye ubongo, na ubongo unalishwa sumu kama tumbo linavyolishwa. Mwenzenu akibadilika ghafla, mpelekeni hospitali kabla hamjamtafutia mchawi. Zebaki isivuke mlango wa nyumba yenye watu. Na wewe unayejua nani anachomea ndani, ukanyamaza, ukimwona mtoto wake ameshindwa kushika kikombe, usiulize nani amemroga.