Picha za Ufuo Zilizofichwa

Duka la fotokopi lilikuwa limefurika watu mpaka mlangoni. Mwalimu wa sayansi, sketi yake ya bluu imenyooka kwa pasi, alikuwa amekumbatia bomba refu lililojaa tope. Kijana mmoja mchoraji, shati lote madoa ya rangi, akamkanyaga.

"Samahani, dada. Hiyo ni nini, bunduki?"

"Tope la mikoko. Hili la chini linampita babu yako kwa umri."

Mchoraji akaliinamia bomba. "Shikamoo, tope!"

Foleni nzima ikaangua kicheko, na mwalimu naye.

Mwezi haukuisha wakawa wanafundisha pamoja historia ya ufuo. Mwalimu aliwasomesha wanafunzi tabaka za tope: hapa mikoko ilisongamana, hapa ilikatwa, mchanga ukaingia. Mchoraji aliwaongoza kuyachora hayo yote kwenye ukuta wa shule. Mapenzi yakakolea humo humo.

Alhamisi moja mwalimu alimpigia simu.

"Uko wapi, laazizi?"

"Duka la rangi, kipenzi."

Mwalimu aligeuza shingo huku na huku. Yeye mwenyewe alikuwa ndani ya duka la rangi, amekuja kumnunulia brashi. Mara, ng'ambo ya barabara, akamwona mchoraji akitoka studio ya picha, na mwenye studio, mwanamke ambaye zamani mchoraji alibakia kidogo tu amuoe, akimpangusa vumbi begani. Gauni la njano limemkaa kama kamwagiwa.

Mwalimu akakata simu. Siku tatu hakupokea simu. Darasani akawa anazungumza kupitia wanafunzi.

"Mwambieni mchoraji asogeze ngazi."

"Mwambieni mwalimu nimeisogeza. Na kwamba sijalala."

Wanafunzi walipotoka, mwalimu akamwambia alivyomwona akitoka studio. Mchoraji akasema, "Marehemu baba wa mwenye studio aliupiga picha ufuo huu kila mwaka. Nilikuwa nazifuata hizo. Niliogopa ukisikia ni kwa nani, utakataa."

"Ningekataa. Lakini ulinidanganya."

"Nilikudanganya. Nisamehe."

Mwalimu akachukua mkoba. "Twende kwake. Wote wawili."

Mwenye studio aliweka boksi juu ya kaunta. "Ndiye huyu? Afadhali umekuja mwenyewe. Kila akija ni mwalimu hivi, mwalimu vile, mpaka kichwa kinaniuma."

Kwa karibu alikuwa mzuri zaidi, na hilo lilimchoma mwalimu. Lakini akaiinamia picha ya kwanza: mikoko imejaa mpaka lilipo soko sasa, kama tope lilivyomwambia.

"Dada," alisema kwa shida, "njoo uwaeleze wanafunzi kuhusu baba."

Mwenye studio akapangusa macho. "Nitakuja."

Nje, mchoraji akamshika mwalimu mkono. "Nataka kukuoa."

"Jumamosi lete wazee wako nyumbani. Ila humo studio huingii tena peke yako."

"Hata nikihitaji picha ya pasipoti?"

"Tutapiga wawili."

Mchoraji alicheka. Mwalimu hakucheka hata kidogo, wala mkono wake hakuutoa.