Nusu ya Kwanza Alikuwa Nayo Yeye

"Ukimuoa, anaacha lori. Sema ndiyo, tupange siku."

Baba wa mpenzi wangu alisema hivyo bila kuniangalia. Ni fundi wa kuchomelea bodi za malori, mikono ina makovu ya cheche mpaka viwikoni. Mjomba wangu, aliyenisindikiza kuposa, akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Sema ndiyo, mjomba," akanong'ona. "Mengine yatajipa mbele ya safari."

Simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa mpenzi wangu, kutoka chumba cha pili alikokaa na shangazi yake:

"Ukisema ndiyo, usinioe."

"Mzee," nikasema, "jibu langu ni hapana."

Shangazi akachungulia mlangoni. "Mwanamke gani anaolewa huku analala barabarani kama gurudumu la akiba?"

"Huyo ninayemtaka, shangazi."

"Nani kakujaza maneno haya?"

"Vitabu."

Mzee akacheka kwa pua. "Dereva na vitabu, wapi na wapi?"

Nikamweleza. Sisi madereva tukikwama foleni ya mpakani, kitabu kinene tunakichana vipande ili wengi tusome kwa pamoja. Mwaka juzi niliangukiwa na nusu ya mwisho ya riwaya moja. Mke anafunga virago, anamwacha mume mgonjwa kitandani. Nikamtukana kwa sauti, foleni nzima ikasikia: mwanamke hana shukrani, angefungiwa ndani tangu mapema.

Dereva wa lori la mbele akashuka. Wenzetu wanamwita Dada Breki, ndiye huyo aliyekuwa chumba cha pili.

"Kaka, hana shukrani kwa lipi?"

"Si kaondoka?"

"Nusu ya kwanza ninayo mimi. Soma, halafu urudi kutukana."

Nikasoma nimeegemea usukani. Yule mume alimwachisha mkewe ualimu, akamfichia viatu asitoke, miaka nenda miaka rudi, huku akimwita malkia. Na kila alichosema, kilikuwa kama kinatoka mdomoni mwangu. Vitabu vyote vilivyofuata, vya wasafiri, vya wafungwa, vya mashairi, nimevisoma nikijiuliza: nusu nyingine anayo nani?

"Kwa hiyo, mzee, nikimwachisha lori, nitakuwa nimemfichia viatu. Sitafanya hivyo hata kwa heshima yako."

"Kijana, punguza moto," mjomba akasema.

Sikupunguza. Nikamtolea mzee mistari niliyoitunga mwenyewe:

"Sitaki wa dirishani, kungoja honi ya gari,
Namtaka usukani, tupokezane safari."

"Makubwa," shangazi akaguna. "Tumekuja kuozesha, tunaimbiwa."

Mzee hakucheka. "Wewe una vitabu. Mimi nimenyoosha bodi ambazo madereva wake hawakurudi kuzichukua. Nawajua kwa sura, wengine walikuwa wanakula kwangu. Leo unataka niwaongezee na binti yangu?"



Dada Breki akaingia, akaketi sakafuni karibu na miguu ya baba yake.

"Baba, nani alinifundisha kuendesha?"

"Mimi. Na najuta."

"Hujuti. Unaogopa. Hata mimi naogopa, kila nikiwasha. Lakini usinifungie kwa woga wako ukauita mapenzi."

Shangazi akafunika mdomo. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumjibu mzee hivyo. Nikajua nikikaa kimya nitampoteza, nikashuka kitini nikaketi sakafuni kando yake.

Mzee akatuinamia.

"Mtakuwa lori moja?"

"Moja," nikasema.

"Mkichoka wote wawili?"

"Tunaegesha," akajibu yeye.

"Hata bosi akipiga kelele?"

"Apige. Hatutasogea."

Mzee akavuta pumzi, akamgeukia mjomba wangu. "Hawa ni wakaidi wote wawili. Ukiwatenganisha, kila mmoja ataenda kuharibu nyumba ya watu. Taja siku."

Siku hiyo ilifika. Bibi harusi ndiye aliyetuendesha kutoka ukumbini, mimi kiti cha pembeni, na shangazi nyuma yetu akimwambia kila kona:

"Kaza mikono, mwanangu."