Upenu wa Kushindana na Wifi

Nabiha alikuwa akichagua mchele dirishani, lakini macho yake hayakuwa kwenye sinia. Yalikuwa ng'ambo ya kichochoro, nyumbani kwa wifi yake, Manar.

Nyumba zao zinatazamana, katika Mji wa Kale, Mombasa. Zote mbili zilijengwa kwa matofali na marehemu babake Manar. Mzee huyo ndiye pia aliyemzaa Haroun, mume wa Nabiha. Zamani nyumba zilifanana kama sahani za seti moja. Sasa juu ya baraza ya Manar palikuwa na upenu mpya wa kuzuia jua. Ulikuwa wa mbao za mvule na vigae vyekundu, umeshikiliwa na mikono miwili ya chuma. Wapita njia walisimama kuutazama. Hata muuza kahawa alihamia kivulini pale.

"Miaka yote alikuwa barazani kwetu!" Nabiha akasonya.

"Muache mtu na kahawa yake," alisema Haroun. "Jua ni kali."

"Ijumaa wanakuja kumposa binti yetu Areej. Wazee wa watu wataketi juani barazani petu, huku wanatazama kivuli cha dadako. Hilo halikuumi?"

"Basi muulize Manar fundi wake ni nani."

"Mimi? Nikamuulize Manar? Kesho mtaa mzima utaambiwa Nabiha kaja kuiga."

"Kwani si kuiga huko?"

Nabiha aliusukuma mchele upande mmoja wa sinia.

Haroun hufanya kazi Shimanzi, kufunga mizigo kwenye malori. Hakutaka mkewe aumie roho. "Mizigo ya tani nzima naifunga haitikisiki," alisema. "Upenu utanishinda?"

Siku Manar alipokwenda Marikiti kununua ndizi, Nabiha alivuka kichochoro na kipande cha uzi. Alipanda kwenye kigoda, akapima vichwa vya bolti zilizoshika mikono ya chuma. Akaupeleka uzi ule dukani.

"Nataka bolti za kichwa hiki," alisema.

"Za urefu gani, mama?"

Nabiha hakujua. Urefu wa bolti umo ndani ya ukuta, hauonekani. "Wa kawaida," alijibu.

Haroun aliazima drili. Ukuta ulitoboka upesi, ukatoa vumbi jeupe, laini kama unga.

"Laini kama samli!" alisema kwa furaha.

Upenu ukapandishwa. Nabiha aliagiza uwe mpana kuliko wa Manar. Jioni Manar alitoka mlangoni, akautazama.

"Mashallah, wifi. Wako mkubwa."

"Si mkubwa. Ni macho yako tu."

Alhamisi asubuhi Nabiha alikuwa akifagia baraza. Aliona vipande vyeupe sakafuni. Alifagia, vikaanguka vingine. Aliinua macho. Bolti moja ilikuwa imechomoka upana wa kidole, na upenu umeinama upande. Haroun alikuwa ameshakwenda kazini.

Kesho wazee wangeketi pale chini. Lakini hakukimbia kuita mtu. Alichukua leso, akaitundika mbele ya bolti ile ili Manar asiione.

"Hodi!"

Manar alikuwa ameshafika. "Toka hapo chini, wifi. Leso haizuii mbao."

"Umefurahi?" Nabiha aliuliza, machozi karibu.

"Kidogo. Sikufichi. Lakini Areej ni damu yangu pia. Mzee wa watu akiangukiwa na vigae, hakuna posa hapo, ni msiba."

"Wewe una kila kitu, Manar. Ndiyo maana unacheka."

"Nina nini? Nina kivuli. Wewe una binti anayeposwa. Mkicheka na Areej hapo dirishani, mimi hufunga dirisha langu."

Nabiha hakuwahi kujua kwamba na yeye alikuwa akionewa wivu.

Manar alimpigia simu fundi wake, mwanamke mmoja wa Rabai aitwaye Mbodze. Wakati wakimngoja, waliweka viti njiani ili watu wasipite chini ya upenu. Mbodze alipofika, kwanza aliutegemeza kwa nguzo mbili, ndipo akaushusha.

Aligonga ukuta kwa nyundo ndogo. Ulilia kama debe tupu.

"Huu ukuta mnaupaka chokaa?"

"Kila mwaka kabla ya Ramadhani," alijibu Nabiha. "Palipobanduka tunatia plasta. Ndiyo desturi yetu."

"Desturi nzuri. Lakini sasa plasta na chokaa zimekuwa nene kama mkate wa mofa. Bolti zako ziliishia humo. Hazikufika kwenye tofali."

"Nilipima za Manar kwa uzi," Nabiha alisema polepole.

Manar aliziba mdomo kwa buibui. Mabega yalimtikisika.

"Ulipima kichwa, mama," alisema Mbodze. "Kinachobeba mzigo ni mwili wa bolti ndani ya tofali."

Alibandua plasta mpaka matofali yakaonekana. Alichagua katikati ya tofali zima, mbali na pembe ya ukuta. "Usitoboe kwenye kiungo. Simiti ya zamani humeguka," alisema. Alitoboa drili ikizunguka tu bila kugonga, maana kugonga hupasua tofali kuukuu. Vumbi likatoka jekundu.

"Vumbi jeupe ni plasta. Jekundu ni tofali. Likiwa jeupe, bado hujafika."

Alisafisha matundu kwa brashi na pampu ya baiskeli, kwani vumbi huitelezesha bolti. Kwa kuwa matofali yalikuwa ya zamani, alitumia bolti ndefu zilizopita ukuta mzima. Kwa ndani alizifunga na mabamba ya chuma. Zote zilikuwa zimepakwa zinki, maana chumvi ya bahari hula chuma. Upenu uliporudi juu, Mbodze aliuning'inizia magunia ya mchanga, akayaacha hadi magharibi. Haukusogea.

Ijumaa wazee walikuja. Waliketi kivulini, wakanywa kahawa. Babu wa kijana anayeposa, mzee mnene mwenye magoti mabovu, alitaka kuinuka. Akashika mkono wa chuma, akajivuta kwa uzito wake wote. Nabiha, nyuma ya pazia, alifumba macho.

Chuma hakikulia. Mzee alisimama wima, akaupiga ukuta kofi.

"Kazi madhubuti hii! Fundi ni nani?"

Haroun alimgeukia mkewe dirishani. Nabiha alisogeza pazia.

"Ni fundi wa wifi yangu, Manar," alisema. "Yeye ndiye aliyetuletea."

Manar alikuwa ukumbini na sinia ya halua.

"Sikusikia vizuri, wifi," alisema. "Hebu rudia."

Nabiha akarudia, kwa sauti kubwa zaidi.