Mstari wa Nne

Kosa lilikuwa dogo: mizani saba mahali pa nane.

Mtu mwingine asingeliona. Lakini binti huyu, fundi cherehani wa jirani alikwisha mbatiza jina la Digrii, na hakumwonea, maana alisomea ushairi miaka mitatu, akatoka na cheti cha kutundika ukutani na barua za kukataliwa kazi, zile za "wi rigreti", za kujaza droo, akarudi kwenye studio ya marehemu baba yake kuwapiga picha za pasipoti watu wanaokwenda kuomba kazi alizonyimwa yeye. Huwaambia watabasamu kidogo, na moyoni huwaambia wafaidi, kununa watafundishwa hukohuko.

Baba alikuwa mpiga picha. Mama, malenga wa nyumbani. Kila picha ya familia, mama aliandika nyuma yake mistari mitatu kwa penseli, akampa mumewe atie wa nne, kituo, ndipo picha iingie kwenye albamu. Hivyo ndivyo walivyopendana. Hakuna aliyewahi kuwasikia wakiitana mpenzi. Na picha yao wawili pamoja ilikuwa moja tu duniani, kwa kuwa baba siku zote alikuwa nyuma ya kamera. Hiyo moja aliipiga Digrii. Nyuma yake mama aliandika:

*Tumekaa kibaoni, mimi nawe kwa pamoja,*
*Mwanetu yu kamerani, anatuhesabu moja,*
*Nikitangulia ndani, mlangoni nakungoja.*

Mwezi haukwisha, akafa. Baba hakutia kituo. Alisema siku atakayokiandika ndiyo siku atakayomzika mkewe. Naye akafuata mwaka uleule, shairi likabaki wazi.

Basi adhuhuri moja Digrii aliigeuza picha ile aifute vumbi, akaukuta mstari wa nne, kwa mwandiko wa baba, zile herufi zilizolala kama zimechoka:

*Nami niko njiani, kwa hamu nyingi nakuja.*

Akahesabu kwa vidole. Na-mi-ni-ko-nji-a-ni. Saba. Na huyu ndiye baba aliyekuwa akisema kwamba mstari uliopungua mizani ni picha iliyokatwa kichwa! Akahesabu tena. Saba. Kisha akafanya kosa ambalo atalicheka tu asiyefiwa: alisamehe. Alijiambia pengine wafu huchoka.

Akachukua picha nyingine, akaandika mistari yake mitatu, akauliza kama baba alimsikia akimwita siku ile ya mwisho wodini. Kesho yake jibu lilikuwapo: alisikia, kila mara. Mizani tisa. Akauliza la pili, la tano, la kumi, na majibu yakaja, matamu, yote yakichechemea, na pamoja nayo ikaja harufu kali ya dawa ya kuoshea picha kutoka chumba cha giza ambacho hakikufunguliwa tangu mazishi, na mlio wa maji yakidondoka kwenye karai alilojua fika kuwa ni kavu, mchana kweupe, wateja wakiwa mlangoni, na katika ile picha ya pekee mwanya wa kiganja kimoja uliowatenga wazazi ukawa wa viganja viwili, kisha vitatu, na ndani ya mwanya kikaketi kivuli, na kila jibu tamu alilopewa likamsukuma mama ukingoni hata bega lake la kushoto likatoka nje ya picha, na Digrii aliyaona yote hayo, akachonga penseli, akauliza tena.

Aliyemzindua alikuja kwa shughuli zake: mganga mmoja mwanamke, simu mbili mkononi, aliyetaka picha ya pasipoti. Alikitazama kibao cha wateja, asikae.

"Mwanangu, mwambie mwenzako anipishe."

"Niko peke yangu, mama."

"Wewe, ndiyo. Kibao, hapana."

Digrii akamletea albamu, akamsimulia yote. Mganga hakuigusa. Alieleza kwamba shairi lililoachwa wazi ni mlango, na anayeitika hodi si lazima awe mwenye nyumba. Afute kila mstari ambao si wa wazazi wake wala wake, asisome, kisha alifunge lile shairi la mama yake kwa kituo, kwa mkono wake mwenyewe.

"Nikilifunga, Baba hatanijibu tena," Digrii alinong'ona.

"Huyu naye hajakujibu, mwanangu. Anakula tu."

Akafuta. Kila picha aliyoifuta, tone moja lilinyamaza katika chumba cha giza, harufu ikapungua, bega la mama likarudi kidogo. Ikabaki ya mwisho, yeye mwenyewe ndani ya joho la mahafali, ambayo nyuma yake jana aliandika mitatu iliyoishia *Digrii i ukutani, sina kazi, Baba yangu.* Jibu hakuwa amelisoma. Raba ilikwisha pita nusu ya mstari, jicho likainasa nusu iliyobaki:

*wewe ndiwe kazi yangu.*

Vidole vilihesabu vyenyewe. Nane. Akarudia, akitafuta kosa kama mtu atafutaye ruhusa. Nane. Ama jini lilikuwa limejifunza kuhesabu, ama katika wote waliopita mlango ule, mara moja tu, alipita Baba mwenyewe. Ile nusu ya kwanza aliielekeza kwenye mwanga. Hapakuwa na hata alama.

Akaitazama picha ya wazazi. Mama amerudi mzima. Ila mwanya ulikuwa bado viganja viwili.

"Umemaliza?" mganga aliuliza kutoka mlangoni.

Digrii aliitia picha ya joho ndani ya blauzi.

"Nimemaliza, mama."

Akaandika kituo nyuma ya picha ya wazazi:

*Nendeni zenu nyumbani, nafunga sitawangoja.*

Mizani ilitimia. Mganga akakitazama kibao, akamtazama yeye kifuani, akasema kwa upole kwamba picha yake atapiga kwingine.

Asubuhi yake aliingia mwalimu mmoja, sivii ya kuombea kazi kwapani. Alikaa kibaoni, kisha, bila kuambiwa, akajisogeza ukingoni, kama mtu anayempisha mwenzake.

Digrii aliinamia kamera. Ile picha iliyofichwa ilikuwa na joto kifuani mwake. Hakumwambia arudi katikati.

"Tulieni," alisema, na akaanza kuhesabu.