Nukta ya Jumamosi

Pikapu ilikuwa imeshawashwa, inatetemeka mbele ya nyumba kama mtu mwenye homa. Baba alikuwa anafunga kamba ya mwisho juu ya kitanda alichomtengenezea Babu. Mama alikuwa anapakia kapu la mashuka aliyoyapiga pasi mpaka yakawa magumu kama karatasi. Na Kidomo, mtoto wa miaka saba ambaye mdomo wake haukwenda likizo hata shule zilipofungwa, alikuwa ameshajipachika kiti cha katikati na kupiga honi.

"We Kidomo! Hiyo honi umeigeuza ngoma?" Mama alifoka.

"Namwita dada. Ameganda uani."

Kweli, dada yake alikuwa uani, mbele ya karo la kufulia. Mkono mmoja ulishika kifuniko, wa pili chupa ya dawa ambayo Mama aliitumia kung'arisha mashuka ya wateja. Dawa ile ilikuwa kali. Mtu akiifungua tu, nyumba nzima ilijua. Msichana aliinusa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Macho yalimwasha kidogo, lakini harufu haikuwepo. Ilikuwa kama kunusa maji.

Alijua maana yake. Redio ilikuwa inaimba kila siku: homa, kikohozi kikavu, kupoteza harufu.

Msichana huyo alikuwa na miaka kumi na miwili, na nyumbani walishamzoea kwa jina la Rula, kwa kuwa hakutembea bila rula. Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, mwalimu wa hesabu wa redioni aliwaambia wanafunzi wachore grafu: chini tarehe, pembeni idadi ya wagonjwa wapya wanaotangazwa kwenye taarifa ya habari. Wenzake walichora wiki moja wakachoka. Rula hakukosa hata siku moja.

Grafu ile ikawa mkubwa wa nyumba. Asubuhi, kabla hata ya chai, Baba aliuliza, "Rula, mstari unasemaje?" Mstari ulipopanda kama ukuta, Baba, seremala wa vitanda na milango, aliweka vitanda na milango kando akawa anatengeneza majeneza. Zamani alipiga mluzi akishika randa. Siku hizo ilisikika randa peke yake. Mama, ambaye alikuwa dobi, alianza kupokelea nguo za wateja mlangoni bila kuingia ndani.

Kisha mstari ukachoka. Ukalala, ukaanza kuteremka. Mitaani watu wakashusha barakoa kidevuni, baadaye wakaziweka mfukoni. Baba akasema, "Ukishuka siku kumi na nne mfululizo, tunakwenda kwa Babu." Babu, baba yake Mama, alikuwa mjane na fundi saa, akiishi peke yake katika mji mwingine, mwendo wa saa tatu. Hawakuwa wamemwona kwa miezi mitano. Kwenye simu alikuwa amemwahidi Rula kwamba siku wakija, atamfundisha kufungua saa.

Jana yake ilikuwa siku ya kumi na nne.

Rula alifunga chupa, akairudisha mahali pake, akatoka nje na daftari lake kwapani.

Mama alisimama mkono mlangoni mwa pikapu. "Haya, kabla hatujaondoka. Nani anaumwa kichwa? Nani ana kikohozi? Semeni sasa hivi, msije mkaniambia kule."

"Mimi naumwa njaa," alisema Kidomo.

"Wewe hiyo umezaliwa nayo. Rula?"

"Mzima, Mama."

Basi. Baba akatia gia.

Babu aliwapokea kwa kiwiko, huku akicheka nyuma ya barakoa. Alikuwa amepanga viti nje, vikiwa mbali mbali kama vya watu waliogombana. Kwa saa nzima walikaa hivyo na kupiga kelele ili wasikizane. Halafu Baba na Mama wakaingia chumbani kukiunga kitanda, Kidomo akaenda kumwangalia mwanamke muuza maji wa mtaa ule akimimina madumu yake kwenye pipa la Babu, na Babu akamkonyeza Rula.

"Njoo, fundi wangu. Ahadi ni deni langu la miezi mitano."

Meza yake ilikuwa chini ya dirisha. Juu ya kitambaa cheupe ilikaa saa ndogo ya mkononi, ya marehemu Bibi. Babu alivaa kile kioo cha jicho kinachokuza vitu, akainama. Pumzi ikapanda kutoka kwenye barakoa, kioo kikajaa ukungu. Akakifuta. Kikajaa tena.

"Barakoa hii inanipofusha," alisema, akaishusha. "Na wewe shusha, utaona nini hivyo?"

Rula aliishusha. Vichwa vyao viligusana juu ya saa. Magurudumu yalikuwa madogo kama mbegu. Moyo wake ulimwambia, sema, sema sasa. Lakini angesema nini? Kwamba alijua tangu asubuhi?

Babu alifungua kichupa cha mafuta. "Nusa haya. Yamekaa tangu mwanzo wa mwaka. Mafuta yakichacha yanaganda, na saa inasimama. Pua yangu imezeeka, hainisaidii tena."

Rula alinusa. Hakusikia chochote.

"Mazuri, Babu."

Babu akamwongoza mkono. Tone moja, dogo kuliko kichwa cha sindano. Saa ikaanza kutembea, na mzee akacheka kwa furaha, usoni kwa mjukuu wake.

Siku ya sita tangu warudi nyumbani, Babu alipiga simu. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Mafua tu haya, mwanangu, msihangaike." Siku ya nane majirani walimpeleka hospitali, akawekewa oksijeni, simu ikawa inaita bila kupokelewa.

Baba alilifungua daftari la grafu mezani kama mtu anayemhoji mwizi. "Lakini mstari ulikuwa unashuka! Rula, si ulikuwa unashuka?"

"Ulikuwa unashuka, Baba."

"Basi ni baada yetu," alisema Mama huku akijifuta macho kwa kanga. "Ni yule anayemletea maji. Anaingia nyumba za watu kutwa nzima. Nilimwona, barakoa ameivaa kama mkufu."

Maneno hayo Mama aliyarudia kwenye simu kwa majirani wa Babu, nao wakayabeba. Rula aliyasikia yote. Pua yake ilikuwa imeanza kurudi. Sabuni aliisikia kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka mtaa wa pili. Akajidanganya kwamba yaliyopita yamepita.

Siku ya kumi asubuhi muuguzi alisimama getini, barakoa mbili usoni, fomu mkononi. Hakutaka kuingia. Alieleza kwamba kazi yake ni kuwafuatilia waliokutana na wagonjwa, na kwamba wenzake wa mji wa Babu walikuwa wamempigia.

Mama alikuwa amejitwika kapu la nguo, tayari kutoka. "Sisi wote wazima, dada. Tuliondoka kabla hajaanza kuumwa. Muulizeni muuza maji."

"Tumeshampima. Hana kitu," alisema muuguzi. "Lakini mtaa umemfungia njia. Madumu yake wameyatoboa, na mwanawe anapigiwa kelele. Ndiyo maana nimekuja. Kama si yeye, ni nani?"

Kidomo alidakia, "Dada hakusikia hata chakula kilivyoungua Jumapili ile baada ya safari! Nyumba ilijaa moshi, yeye yupo tu jikoni anachora..."

"Kidomo! Watu wazima wanaongea." Mama akageuka kwa muuguzi. "Niwie radhi. Naomba nipeleke hizi nguo mara moja. Zinasubiriwa na mwalimu mstaafu, mtu mzima, na ana kisukari. Juzi nilikaa naye kibarazani, maskini, ana upweke."

Akaanza kutoka. Rula aliliona kapu likielekea njiani. Angeweza kunyamaza. Kidomo alikuwa ameshanyamazishwa, na muuguzi alikuwa anafunga kalamu.

"Mama, usiende. Tua kapu."

"Nini tena?"

"Ni mimi." Rula alisimama mbele yake. "Jumamosi ile, kabla hatujaondoka, nilinusa dawa yako ya mashuka. Sikusikia harufu. Nilijua. Nikasema mzima."

Mama alitua kapu polepole, kama limejaa vyombo vya kioo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa tusingekwenda."

"Tusingekwenda," alisema Mama. "Ndiyo. Tusingekwenda."

Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana yake akisikia yote. Hakumpiga, hakumkaripia. Alirudi ndani, akachukua randa, akaanza kulainisha ubao ambao ulishakuwa laini tangu jana.

Muuguzi aliandika. Aliuliza tarehe, na majina ya kila mteja ambaye Mama alimpelekea nguo siku kumi hizo. Walikuwa kumi na mmoja. Akawapigia simu palepale getini, mmoja baada ya mwingine, akianza na mwalimu mstaafu. Mchana huohuo familia yote ikapimwa. Wanne kwa wanne walikuwa na korona.

Kabla muuguzi hajaondoka, aliomba kuliona lile daftari. Rula alililaza juu ya ukuta, akarudi nyuma hatua tatu.

"Umechora vizuri," muuguzi alisema. "Nimeona wakubwa wasioweza kuchora hivi. Lakini sikiliza, mwanangu. Hizi nukta hazidondoki kutoka juu. Kila nukta ni mtu aliyesema 'naumwa', akapimwa, akahesabiwa. Asiyesema hachorwi. Mstari ukishuka kwa sababu watu wamepona, tushukuru. Ukishuka kwa sababu watu wamenyamaza, tunaingia shimoni huku tunashangilia. Baba yako aliuamini mstari, na mstari ulikutegemea wewe. Umechelewa kusema, na kuchelewa kwako kuna mtu anakulipia kwa pumzi zake. Lakini leo umesema bila kushikwa mkono, na kuna watu kumi na mmoja ambao sasa wanajua la kufanya. Siku nyingine mwili ukikwambia jambo, waambie wa nyumbani kwanza, hata kama litaharibu safari."

Jioni Rula alisikiliza taarifa ya habari. Idadi ilikuwa imepanda. Aliweka nukta, akavuta mstari kwa rula, kwenda juu.

Babu alikaa hospitali siku ishirini na tatu. Alirudi nyumbani akiwa hawezi kutoka kitandani mpaka dirishani bila kupumzika njiani. Rula alipomwambia yote kwa simu, alisema, "Nami niliishusha barakoa, fundi wangu, tena nikakuambia nawe ushushe." Hakutengeneza saa tena. Mwaka uliofuata alifariki usingizini. Jeneza alilitengeneza Baba.

Mwalimu mstaafu alipatikana na ugonjwa mapema, akatibiwa, akapona. Nguo zake hakumletea Mama tena. Wateja wengine watatu walipatikana nao, wote wakapona.

Karantini ilipokwisha, Baba alimpeleka Rula kwa dada muuza maji, na madumu mapya sita nyuma ya pikapu. Mama alikwenda pia, akamwomba radhi mbele ya majirani walewale. Dada yule aliyapokea madumu, akafunga mlango. Sasa anauza maji mtaa mwingine.

Kidomo yuko darasa la tatu na bado anaongea. Nyumbani hawamnyamazishi haraka kama zamani.

Rula aliendelea na grafu mpaka siku redio ilipoacha kutangaza idadi. Kwenye Jumamosi ile, pembeni ya nukta ya zamani, ameweka nyingine ndogo nyekundu. Saa ya Bibi ilitembea wiki tano, ikasimama. Mafuta yalikuwa yamechacha.