Upande wa Pili wa Mlungulungu

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya Zuzu, Ugogoni, wakati Madeje alipochukua jembe na unga kidogo wa uwele, akaenda kuchimba mzizi wa mti wa mlungulungu, dawa ya homa. Binti yake, Nyemo, alikuwa hoi. Mama mkwe alimkumbusha mlangoni kile ambacho kila Mgogo anakijua: mzizi huchimbwa upande mmoja tu, shimo hufukiwa, unga wa shukrani huachwa juu. Mti ulioguswa hauguswi tena mpaka upone.

Ni rahisi kuusia wakati miti ipo. Tangu Mdachi wa reli aagize mizizi ya mlungulungu kwa magunia, askari waliwasimamia watu wakachimba pande zote, na pori likakauka.

Ulibaki mti mmoja hai. Upande wa mashariki palikuwa na shimo lililofukiwa, unga ungali mweupe juu yake.

Madeje alijua. Aliogopa. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi… akapiga jembe upande wa pili.

Kwu.

Ng'ambo ya shina, kitu kikajibu… kwu.

Akachungulia. Hapakuwa na mtu. Ila harufu ya udongo mbichi ilimjaa puani, na mvua haikuwa imenyesha tangu mavuno. Akapiga tena. Kikapiga tena. Akaukata mzizi, akakimbia bila kufukia, unga ungali mkononi.

Nyemo alikunywa dawa, homa ikashuka. Kulipopambazuka Madeje alimwita kwa furaha. Mtoto akajaribu kuinuka, akaanguka. Mkono na mguu wa kushoto vilikuwa vya baridi, vikavu kama kuni.

Kando ya ngozi aliyolalia, sakafu ilikuwa imechimbwa.

Ikafukiwa vizuri. Juu yake, unga.

"Mama, umeumwaga wewe?" Madeje alinong'ona.

"Si mimi, mwanangu." Mama mkwe aliutazama sana ule unga. "Amechukua upande mmoja. Amefukia, ameshukuru. Huyu anaijua mila kuliko sisi."

Waliagua, walitambika, walihamisha hata malazi ya mtoto. Wapi.

Mvua zilipokuja, vidole vya kushoto vya Nyemo vikaanza kucheza. Majirani walipiga vigelegele. Madeje alikishika kile kiganja, akahisi joto linarudi kidogo kidogo, akalia, akawaomba wahenga wake mtoto asipone.

Maana mti ukishapona, mchimbaji hurudi kuchukua upande wa pili.