Siku Mzee Winchi Alipoingia kwa Kibali

Sogezeni viti, jamani, na anayefua afute kwanza povu mikononi. Hadithi hii ni ya nyumba moja, lakini inatuhusu sote tunaopenda kusifiwa kuliko kuwa salama.

Asubuhi hiyo nyumba ya Fundi ilikuwa imetulia tuli. Fundi ni mama anayeshona nguo kwenye chumba chake cha mbele, na cherehani yake majirani wameizoea hivi kwamba ikinyamaza ndipo wanaposhtuka. Alikuwa akishonea vizibao utepe ule unaong'aa ukimulikwa. Baba yake, ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Winchi, alikuwa amekaa mlangoni akisugua kofia yake ngumu ya zamani kwa kitambaa cha sabuni.

"Haya, tegua hiki," mzee alisema. "Asubuhi nalizika jua, jioni nalifukua. Mimi nani?"

"Mchimba madini. Baba, hicho umenitegea tangu sijaota meno!"

"Basi umekua. Nitatunga kingine."

Wakacheka wote wawili, na kicheko hicho kilikuwa na sababu. Ujanani mzee aliendesha winchi, mashine ya kuteremsha na kupandisha watu kwa waya, kwenye mgodi wa zamani ulio nyuma ya kilima, ndani kabisa, katika chumba kilichochongwa kwenye mwamba. Yeye ndiye aliyewateremsha wenzake na kuwapandisha. Mgodi ulipofungwa ukazungushiwa uzio, na kazi yake ikabaki humo gizani. Sasa daktari alikuwa amemwambia bila kumficha kwamba macho yake yanakwenda, na hayatarudi.

"Wanangu wananijua kwa mafuta ya nguo zangu tu," alimwambia Fundi siku aliyotoka hospitali. "Kazi yenyewe hamjaiona. Nami ningependa niwaonyeshe wakati bado naiona."

Fundi akafunga cherehani, akaenda ofisi ya madini kuomba kibali. Wakamwambia aje kesho. Akaja kesho, wakamwambia mwenye mhuri hayupo. Akaja tena na tena, hata mlinzi wa getini akawa anamsalimia kama shangazi yake. Mwisho alitumwa kwao afisa usalama, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kengele, akakaa nao mezani, akanywa chai yao, akawaambia:

"Tutaingia kwa mlango mkuu tu, mimi nikiwa mbele. Nitapima hewa kwanza, na mihimili ya paa itakaguliwa. Kila mtu kofia, taa na viatu vya kufunga. Na nikisema tunageuka, tunageuka. Hakuna 'ngoja kidogo'. Mzee, naomba ahadi yako."

Mzee Winchi aliketi wima kama askari. "Nakuahidi, mama. Hata sisi ndivyo tulivyofanya kazi."

Fundi alimtazama baba yake, akaona amerefuka kwenye kiti.

Sasa nyumba hiyo ilikuwa na mtoto mwingine, mdogo wake Fundi, muuza makochi. Watu walimwita Fasta, kwa kuwa hata chai alikunywa amesimama. Si mtu mbaya, msije mkamchukia. Ugonjwa wake ulikuwa sifa. Alipewa kazi moja tu, kutafuta viatu vya mzee, lakini mdomo wake haukuwa na breki. Akawatangazia wakwe zake kwamba yeye ndiye aliyefungua mgodi, na kwamba waje wapige picha.

Siku ya safari ilipokaribia, mvua ikamwagika. Afisa usalama akapiga simu.

"Maji yamepenya juu ya mlango mkuu. Tusubiri pakauke, nikague upya. Poleni sana."

Mzee alinyanyuka, akaitundika kofia yake kwenye msumari, akarudi kukaa. Fundi alimwona akifumba jicho moja, kisha lingine, kama mtu anayepima kilichobaki kwenye kibuyu.

Fasta alipoambiwa, alishika kichwa. "Dada! Wakwe wako njiani! Wamepiga pasi hadi soksi! Sura yangu nitaiweka wapi?"

"Iweke hapo hapo ilipo. Waje wanywe chai, tuwaeleze."

"Niwaeleze kwamba nimeshindwa na tope?"

"Waeleze kwamba mgodi una mwenyewe, na mwenyewe amesema bado."

"Shimo limeachwa miaka yote, leo lina mwenyewe!"

"Shimo liache. Baba ndiye mwenye roho moja."

Wakwe wakafika kweli, wakiongozwa na baba mkwe, muuza mbao, pande la mtu. Fundi aliwakaribisha, wakasalimiana vizuri, naye akaingia jikoni kuchemsha chai. Jamani, chai ile! Aliporudi na sinia, viti vilikuwa vitupu. Mama mkwe peke yake ndiye aliyebaki, akijipepea kwa leso. Fundi akatupa jicho ukutani. Msumari ulikuwa mtupu.

"Wamekwenda kunyoosha miguu, mwanangu," mama mkwe alisema. "Kuna tundu la pembeni la mgodi, eti. Mzee wangu alitania tu, akasema labda winchi yenyewe ni ya hadithi. Mdogo wako akasema twendeni mkaione."

Fundi aliliweka sinia chini. Miguu ilitaka kukimbilia kilimani, lakini alisimama kwanza, akampigia afisa usalama, akamwambia ni tundu gani na nani wamekwenda huko. Ndipo akakimbia, na kandambili moja akaiacha barabarani.

Tundu la pembeni lilikuwa njia ya zamani ya hewa, mahali ambapo uzio ulikuwa umelala. Wakwe walikuwa wamesimama hapo wamekauka. Kutoka ndani ilikuja sauti ya Fasta, si ile ya kuuza makochi, bali ya mtoto.

"Dada! Mbao zimekatika! Mguu wangu umebanwa!"

Kisha sauti ya mzee, nzito na ya taratibu. "Nipo naye. Tumekaa kitako. Msije!"

Muuza mbao alikuwa tayari amevua koti, na vijana wawili wapita njia nyuma yake. Fundi akajitupa mbele ya tundu, akanyoosha mikono pande zote mbili.

"Humu haingii mtu."

"We mama, toka! Baba yako yumo humo!"

"Ndiyo maana haingii mtu. Paa limelowa. Ukiligonga kwa hayo mabega yako, litamwangukia nani?"

"Utamwacha afe ukiangalia?"

"Wenye kamba na kipimo cha hewa wako njiani. Nimewaita."

"Huyu ana moyo wa chuma," mtu mmoja alinong'ona.

Moyo wa chuma! Ulikuwa ukimdunda hadi masikioni. Kila sauti ya mdogo wake ilimvuta kama kamba kiunoni, lakini hakubandua mguu. Aliinama kwenye tundu, akiogopa hewa mbaya, akaita, "Baba, kichwa kinakuuma? Unasikia usingizi?"

"Bado. Huyu ndiye anayepiga kelele, namtuliza. Haya, kijana, tegua: anamtangulia bwana wake, lakini njia haijui."

Kisha sauti ya kwikwi: "Tochi, baba... aah, mguu!"

"Umepata. Usiutingishe."

Nje, hata muuza mbao alifuta macho kwa koti lake.

Afisa usalama alifika na waokoaji. Hakupoteza muda kugomba. Kipimo cha hewa kilitangulia, kisha nguzo za kushikilia paa, kisha kamba, kisha watu. Fasta alitolewa kwenye machela, mguu umevunjika, uso umejaa tope. Nyuma yake alitoka mzee kwa miguu yake mwenyewe. Angeweza kutoka mapema, njia ilikuwa wazi, lakini hakukubali kumwacha mwanawe.

Afisa akamtazama. "Mzee, uliniahidi."

"Niliahidi, nikavunja," alisema Mzee Winchi, akavua kofia. "Niliona haya kumwambia mwanangu 'hapana' mbele ya wakwe zake."

Kibali kikafutwa siku hiyo hiyo.

Hapo wengi wangekunja mkeka. Fundi hakukunja. Alirudi ofisini akaanza upya, mtaa ukimcheka kwamba amefungua kazi ya pili huko. Kila asubuhi alimwuliza baba yake anaona nini dirishani, na kila mara mtaa wa mzee ulikuwa umepungua, mara mti umetoka, mara nyumba ya jirani. Siku moja Fasta akajikokota na Fundi hadi ofisini, mguu kwenye plasta, akasimama mbele ya afisa.

"Mimi ndiye niliyemwingiza. Dada yangu alikataza. Baba yangu asiadhibiwe kwa sifa zangu."

"Lile tundu bado liko wazi," afisa alisema. "Linaweza kumeza mtoto wa mtu."

Fasta akaelewa. Akamwendea baba mkwe wake, muuza mbao akatoa mbao zake nzuri, si za kupinda, na tundu likazibwa afisa mwenyewe akisimamia. Mlango mkuu ukakauka, ukakaguliwa, mihimili mipya ikawekwa. Na kibali, nawaambieni, kikatoka.

Siku ya kuingia, Fasta hakuingia. Mguu haukuwa tayari, basi alipewa kazi ya kukaa mlangoni na kukagua kila anayepita. Baba mkwe akaja amechelewa, amevaa sandali.

"Baba, samahani. Sandali haziingii."

"Mimi mkwe wako! Na mbao ni zangu!"

"Kwa heshima zote, baba, hapana."

Muuza mbao alimtumbulia macho, kisha akacheka mpaka tumbo likatikisika. Akakaa naye mlangoni.

Ndani, Fundi alimshika baba yake mkono, afisa mbele, taa zikichora njia. Hewa ilikuwa baridi, yenye harufu ya jiwe lililolowa. Walipofika kwenye kile chumba, mzee alisimama. Gurudumu kubwa la winchi lilikuwepo, lina kutu, waya ukiwa bado umelizunguka. Alilisogelea akikodoa macho, akaona kidogo, na penye giza mkono ukamalizia. Ukakishika kishikio bila kutafuta.

"Hapa nilikuwa nausikiliza waya," alisema. "Ukilalamika, nasimamisha. Bosi agombe, wenzangu wazomee, nasimamisha."

"Kuna uliyemwangusha, baba?"

"Hata mmoja."

Fundi akaweka kiganja chake juu ya kile cha baba yake. Chini ya vidole vyao chuma kilikuwa kimelika, kimepata umbo la mkono. Fundi akahisi fahari ikimpanda hadi machoni, akaiacha itiririke. Wakakaa humo mpaka afisa aliposema, "Tunageuka," nao wakageuka bila kuuliza.

FUNZO

Wanangu, sifa haina kofia ngumu. Watu tunaoogopa kuaibika mbele yao hawatatuchimbua tukifukiwa. Mgodi wa zamani, kisima kikuukuu, jengo lililoachwa, vyote vina wenyewe na vina utaratibu, basi ombeni kibali, na mkiambiwa bado, subirini. Ajali ikitokea, msikimbilie shimoni, iteni wanaojua kuokoa. Na wewe mzazi, jifunze kumwambia mwanao "hapana" hata wageni wakiwa wamejaa sebuleni. Watanuna, watakunywa chai, watakwenda kwao, na mwanao atabaki na miguu yote miwili.